Joseph Murumbi, Jirani Aliyekusanya kwa Ajili ya Umma

Wasomaji wa toleo hili wamekwisha kupitia, katika kurasa zilizotangulia, orodha ya wafadhili wa mandir yetu: aliyetoa saruji, aliyelipia vigae vya sakafu, aliyetoa kengele, na wale wengi waliotoa kidogo kidogo kila mwaka bila kutaka majina yao yachongwe kwenye marumaru. Tumeomba kurasa hizi chache kwa ajili ya mfadhili ambaye jina lake halimo ukutani kwetu wala halingeweza kuwamo. Hakuwa Mhindu, hakuishi Tarime, na alichokitoa hakikuwa jengo la ibada. Hata hivyo alikuwa jirani yetu kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo. Katika miaka yake ya mwisho alijenga nyumba Transmara, upande wa pili wa mpaka, katika nchi ileile ya nyasi na vilima inayoendelea kutoka Serengeti bila kujali mahali serikali zilipoweka alama zake. Mto Mara hupita upande huo kabla haujafika kwetu.

Jina lake ni Joseph Murumbi. Wazee wetu wanamkumbuka kama Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, aliyekaa katika cheo hicho kwa miezi michache tu ya mwaka 1966. Vijana wengi hawajapata kumsikia. Sisi tunamleta hapa kwa kazi nyingine, nayo ni mkusanyo wa sanaa, vitabu na nyaraka za Afrika ambao ameuachia umma wa Kenya, na yaliyoupata mkusanyo huo baada ya kutoka mikononi mwake.

Alizaliwa tarehe 18 Juni 1911 huko Eldama Ravine, katika Bonde la Ufa, akaitwa Joseph Anthony Zuzarte. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara kutoka Goa. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa laiboni, yaani mganga na kiongozi wa mambo ya imani aliyeheshimika. Jina la Murumbi lilitoka upande huo wa mama, na mtoto alilichukua baadaye kwa hiari yake akiwa mtu mzima. Wasomaji wetu wenye asili ya Bara Hindi watatambua mara moja jinsi maisha ya namna hiyo yalivyoanza katika miji midogo ya bara: duka la mabati, mizani, magunia, na familia ambayo serikali ya kikoloni haikujua iiandike katika daftari gani.

Akiwa na umri wa miaka sita hivi alipelekwa India kusoma. Alikaa huko hadi ujana wake, katika shule za Bangalore na Bellary zilizoendeshwa na wamisionari wa Kikatoliki. Aliondoka mtoto, akarudi Kenya katika miaka ya 1930 akiwa kijana mwenye Kiingereza kizuri, elimu ya kutosha kuwa karani, na mama ambaye alipaswa kumjua upya.

Lazima tukumbushe jinsi mambo yalivyokuwa. Mzungu alikuwa na hospitali yake, shule yake na mshahara wake. Mwasia alikuwa na vyake. Mwafrika alipewa kilichobaki. Mtoto wa Mgoa aliyesoma India angeweza kuishi maisha yake yote katika daraja la pili, na wengi wa hali yake walifanya hivyo, wala hatuwalaumu. Murumbi alichagua kuhesabiwa pamoja na watu wa mama yake. Uchaguzi huo ulimpunguzia kipato na heshima ya wakati ule, na ndio uliofungua kila kitu kilichofuata.

Miaka yake ya ukarani tutaipita haraka. Kuanzia mwaka 1941 alifanya kazi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza, akakaa huko miaka ipatayo kumi. Aliporudi Nairobi mwaka 1952 aliikuta nchi iko karibu kuwaka. Alijiunga na chama cha KAU, na tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, Jomo Kenyatta na wenzake walipokamatwa na hali ya hatari ikatangazwa, uongozi wa chama ulibaki kwa wachache ambao hawakuwa gerezani. Murumbi akawa kaimu katibu mkuu.

Kazi iliyomkabili kwanza ilikuwa kutafuta mawakili wa kesi ya Kapenguria. Aliifanya pamoja na Pio Gama Pinto, kijana mwingine wa asili ya Goa aliyezaliwa Nairobi na kusoma India, ambaye tangu hapo akawa rafiki yake wa moyo. Jopo lililopatikana linastahili kutajwa katika toleo kama hili. Kiongozi alikuwa D. N. Pritt kutoka London. Jawaharlal Nehru alimtuma Diwan Chaman Lall kutoka India. Kutoka Nigeria alikuja H. O. Davies. Dudley Thompson, Mjamaika, alikuwa akifanya uwakili hapa kwetu Tanganyika, mjini Moshi. Wa Nairobi walikuwa Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Mahakama iliwatia hatiani Kenyatta na wenzake hata hivyo, lakini dunia ilikuwa imesikia.

Mwaka 1953 KAU ilipigwa marufuku. Murumbi alikwisha kuondoka kwenda India kuitafutia Kenya marafiki. Kutoka huko alipitia Cairo, akafika London, akabaki uhamishoni karibu miaka tisa. Alifanya kazi na Movement for Colonial Freedom, jumuiya iliyopigania uhuru wa makoloni, kisha katika ubalozi wa Morocco. Alimwoa Sheila, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa mkutubi, na ndoa hiyo ina sehemu kubwa katika habari hii kuliko inavyoandikwa mara nyingi. Mtu anaweza kununua vitabu peke yake. Kuvipanga, kuviorodhesha na kuvilinda na mchwa na unyevu kwa miaka 30 ni kazi ya nyumba nzima.

Huko London ndiko ugonjwa wa kukusanya ulipomshika. Tunauita ugonjwa kwa upendo. Maduka ya vitabu vikuukuu yalikuwa yamejaa habari za Afrika zilizoandikwa na wasafiri, wamisionari na maofisa wa karne ya 19, nazo zilinunuliwa na watu wasiokuwa Waafrika. Murumbi, mwenye mshahara mdogo wa mkimbizi wa kisiasa, alianza kununua moja moja. Aliona jambo ambalo wengine waliliona baadaye sana: kwamba nchi zilizokuwa zikielekea uhuru zingeweza kupata bendera na wimbo wa taifa huku kumbukumbu zao zikiwa kwenye rafu za watu wengine. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Waingereza walipoondoka Kenya mwaka 1963 walisafirisha kwao majalada mengi ya serikali. Kenya iliyaomba mwaka 1967, ikanyimwa. Ni mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, ndipo ilipokubaliwa hadharani kwamba majalada hayo yalikuwapo muda wote.

Alirudi nyumbani mwaka 1962. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mbunge wa Nairobi Kusini, akaingia serikalini akiwa waziri katika ofisi ya Waziri Mkuu. Mwaka 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Kwa mkusanyaji, hakuna cheo bora kuliko hicho. Popote alipopelekwa na kazi, Lagos au Addis Ababa, mikutano ilipokwisha alikwenda sokoni na kwa mafundi. Alirudi na nguo zilizofumwa, sanamu za mbao na shaba, mapambo ya fedha, misalaba ya Ethiopia, na picha za wasanii waliokuwa hai na waliohitaji mnunuzi. Alikusanya hata stempu za posta za nchi za Afrika, na mkusanyo huo peke yake ungetosha kumpa mtu jina.

Twafahamu kwamba baadhi ya wasomaji wetu watauliza swali hapa, maana sisi wenyewe tuliulizana tulipokuwa tukiandaa makala hii. Vitu vya kale vya Afrika si mapambo tu. Vingi vilichongwa kwa ajili ya ibada. Watu wanaoamka alfajiri kuiosha na kuivalisha murti hawahitaji kuelezwa tofauti iliyopo kati ya sanamu inayoabudiwa na sanamu iliyo kwenye kabati la kioo. Je, mkusanyaji hamnyang'anyi mtu kitu chake? Jibu letu ni kwamba wakati ule kitu cha namna hiyo kilipofika sokoni kilikuwa tayari kimekwisha kung'oka mahali pake. Kilichobaki kuamuliwa kilikuwa kiende Ulaya au kibaki Afrika. Murumbi aliamua kibaki. Hatusemi kwamba hilo linamaliza swali.

Upande mwingine wa mkusanyo hauna utata huo, nao ni kazi za wasanii wa zama zake. Aliwanunulia Bruce Onobrakpeya wa Nigeria na Francis Nnaggenda wa Uganda wakati ambapo matajiri wengi wa Nairobi walitundika ukutani picha za farasi na za mashamba ya Uingereza. Hapa Tanzania tuna funzo letu chungu juu ya jambo hili. Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, na picha zake nyingi zilikuwa zimeuzwa kwa wageni waliozichukua kwenda kwao. Mtanzania anayetaka kuona kazi ya mkono wa Tingatinga mwenyewe hana budi kutafuta sana. Hatukuwa na Murumbi wetu wa kununua picha hizo kwa shilingi chache na kuziweka.

Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Nairobi, akiwa na binti yake mdogo ndani ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37. Mei mwaka uliofuata Murumbi aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amejiuzulu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Walioandika maisha yake wanatazama nyuma kwenye kifo cha Pinto, na sisi hatuoni sababu ya kutazama kwingine. Mtu aliyekuwa hatua moja kutoka kiti cha juu kabisa cha nchi alikwenda zake, akaingia katika biashara, akarudi kwa vitabu vyake.

Mwaka 1972, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage mjini Nairobi, duka na jumba la sanaa lililokusanya kazi za mikono za bara zima. Donovan alikuwa amefika Kenya kutoka Nigeria, akaonyesha vitu vya Waturkana alivyovinunua safarini. Murumbi alikwenda kuvitazama, na urafiki ukaanzia hapo. Biashara hiyo iliwapa soko mafundi wengi, wakiwamo wachongaji wa mawe wa Tabaka katika nchi ya Wakisii, ambao wasomaji wetu wa Sirari huwapita njiani wakienda Kisumu. Fundi aliyezoea kumuuzia mtalii kiboko kidogo cha jiwe aliambiwa hapo kwamba kazi yake ina jina na inastahili kutiwa saini.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 nyumba ya Murumbi katika kitongoji cha Muthaiga ilikuwa imejaa. Vitabu vya kale peke yake, vile vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900, vilizidi 8,000. Hakuna nyumba ya mtu binafsi inayoweza kubeba mzigo huo kwa amani. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwapo, na fedha zao zilikuwa nyingi. Yeye aliuuza mkusanyo na nyumba yenyewe kwa serikali ya Kenya kwa bei iliyokuwa chini sana ya thamani yake, kwa makubaliano kwamba mahali pale pangekuwa taasisi ya masomo ya Afrika yenye jina lake, ambapo msomi kutoka popote angeweza kuja, kukaa na kusoma.

Wapo wanaosema kwamba aliyelipwa si mfadhili. Sisi tunaojua hesabu za ujenzi wa mandir tunalitazama jambo hili kwa jicho jingine. Fundi anayefanya kazi ya rupia kumi akapokea rupia mbili ametoa rupia nane, hata kama jina lake limo katika daftari la malipo wala si la michango. Tena Murumbi alitoa kitu ambacho fedha hairudishi: miaka 20 ya kutafuta, na haki ya kuamua.

Taasisi haikujengwa. Hii ndiyo sehemu ya habari hii inayotuuma. Vitabu na vitu vilihamishwa, nyumba ya Muthaiga ikaachwa bila matunzo, kisha ikabomolewa na kiwanja kikagawanywa. Miti ya asili aliyoipanda kwa mikono yake ilikatwa. Inasimuliwa kwamba alikwenda siku moja kupatazama mahali pale, akaona visiki, na kwamba afya yake haikupona tena baada ya siku hiyo. Hatumtaji mtu kwa lawama, kwa sababu katika mambo ya namna hii mara nyingi hakuna mtu mmoja. Kuna faili inayohama meza, bajeti inayosubiri mwaka ujao, na afisa mpya asiyejua ahadi ya afisa wa zamani. Mtoaji alitimiza upande wake siku aliyotia saini. Mpokeaji alikuwa na wajibu wa kuutimiza wake kila siku, na hakuufanya.

Wakati huo Murumbi na Sheila walikuwa wamehamia Transmara, katika shamba lao la Intona, kati ya watu wa mama yake. Walijenga huko nyumba yenye vyumba zaidi ya 30, na humo wakaanza tena, maana mkusanyaji aliyeuza vitu vyake ni kama mvuvi aliyeuza samaki: kesho yuko ziwani. Milango yake ilichongwa na mafundi, kuta zikajaa upya. Ng'ombe walilisha nje. Mtu aliyesimama huko na kutazama kusini alikuwa akitazama upande wetu. Nyumba hiyo nayo, baada yake, ilichakaa.

Alifariki Nairobi tarehe 22 Juni 1990, siku nne baada ya kutimiza miaka 79. Alizikwa katika bustani ya City Park, karibu na mahali alipolala Pinto. Hata huko hakuachwa apumzike: kaburi liliharibiwa, na ardhi ya bustani ikaanza kumegwa na watu wenye tamaa ya viwanja. Sheila alifariki mwaka 2000, akazikwa kando yake.

Lakini vitu vilibaki. Mkusanyo ulioingia katika Nyaraka za Taifa za Kenya haukuuzwa wala haukutawanywa, na tunataka kuwashukuru kwa maandishi watumishi wa ofisi hiyo ambao, bila fedha za kutosha, walivifuta vumbi na kuviweka. Jengo la Nyaraka, lililokuwa benki zamani, liko Moi Avenue katikati ya Nairobi, mahali ambapo kila abiria wa basi hupita. Mwaka 2006 ukumbi wake wa chini ulifunguliwa upya kama Murumbi Gallery. Donovan, pamoja na wadhamini wa Murumbi Trust, aliendelea kusukuma. Mwaka 2009 eneo la kaburi lilizungushiwa bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki, akiwamo Elkana Ong'esa, mwana wa Wakisii. Mwaka 2013 sehemu nyingine ya mkusanyo, ile aliyobaki nayo mwenyewe na Sheila hadi mwisho, ilipangwa katika Nairobi Gallery, penye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo hilo la mwaka 1913 lilikuwa ofisi ya utawala wa kikoloni, ambapo watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, na umbali wa barabara zote za nchi ulipimwa kutoka hapo. Katika vyumba vyake leo kuna nguo, vito, samani, maktaba yake na zile stempu.

Mkusanyo wa mtu mmoja umegawanyika hivyo katika nyumba mbili za umma, na taasisi aliyoiomba haiko hata moja. Tumejadiliana kama tuite hilo kushinda au kushindwa, wala hatukukubaliana. Wenzetu waliokwenda Nairobi kwa matibabu au kwa biashara na kupata saa moja ya kuingia Moi Avenue wametueleza walichokiona: wanafunzi wa shule wenye sare, wamesimama mbele ya kabati, mmoja akiwasomea wenzake maandishi kwa sauti. Yeyote katika jumuiya yetu, au katika majirani zetu Wakurya na Wajaluo, atakayepanda basi la Sirari kwenda Nairobi anaweza kuwaona vilevile. Aulize njia ya Nyaraka. Sanamu ya Tom Mboya iko karibu, na wauza magazeti wa hapo wote wanapajua.